Daftari, ratiba, mwenzi, kocha au amana: kipi kikushike usiache mazoezi?

Wiki ya kwanza ya mazoezi haimshindi mtu. Misuli inauma lakini moyo umechangamka, sahani imepunguzwa, na mizani inatoa habari njema. Kazi huja nguvu ya soda ikishatulia: asubuhi ya wiki ya nne yenye usingizi mzito, jioni ya uchovu, mwezi ambao uzito umegoma kabisa. Siku hizo ari haitoshi, na hakuna aibu katika hilo, maana ari hupanda na kushuka kwa kila mtu. Anayeendelea ni yule aliyejiwekea kitu cha kumshika inaposhuka.

Vishikizo vinavyotumika zaidi ni vitano: daftari la kumbukumbu, ratiba iliyofungwa kwenye tabia ya kila siku, mwenzi wa mazoezi, kocha wa kulipwa, na amana ya fedha. Kila kimoja kimewavusha wengi na kuwaangusha wengi. Watu hukosea kuchagua kwa sababu huuliza kipi kina nguvu kuliko vingine, kumbe kila kimoja hushika siku yake. Jiulize kwanza: majaribio yaliyopita uliyaachia wapi? Hukuanza kabisa? Uliacha kati ya wiki ya tatu na ya sita? Uliendelea na mazoezi lakini uzito haukushuka, ukakata tamaa? Au ulifika kwenye lengo, kisha kilo zikarudi moja moja?

Tutavipima kwa vigezo gani

Kila kishikizo tutakiangalia kwa mambo matano: kinadai nini (muda, fedha, na kiasi cha kujianika mbele ya wengine), kinashika siku gani, kinaharibikaje, kikiondoka kinakuachia nini, na kinamfaa nani.

Kimoja ni sharti kwa vyote: lengo liwe na kipimo. "Nataka kupungua" hakuna daftari wala kocha anayeweza kulisimamia. Kwa mazoezi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unatosha kuanzia: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Kwa uzito, kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni kasi salama kwa watu wazima wengi. Kupungua asilimia 5 tu ya uzito wa mwanzo kwa kawaida huanza kusaidia shinikizo la damu na sukari. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 4.5, na hilo ni lengo la kwanza zuri kuliko kilo 25 zinazotisha.

Daftari la kumbukumbu

*Kinachodai.* Dakika 5 hadi 10 kwa siku, mizani, na futi ya kamba ya kupimia kiuno. Fedha ni kidogo. Gharama yake halisi ni ukweli, kwa sababu utaandika na yale ambayo ungependa kuyasahau.

*Siku inayoshika.* Siku ambayo mizani imekudanganya. Hapa daftari halina mpinzani, na inafaa kueleza kwa nini.

Uzito wa mwili hubadilika kilo 1 hadi 2 kati ya siku na siku bila mafuta kuongezeka wala kupungua. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ndiyo sababu wiki ya kwanza mtu anaweza kupungua kilo 2 akashangilia, na wiki ya tatu akaona gramu 300 akadhani mambo yameharibika. Chumvi nyingi ya jana, choo kigumu, siku za karibu na hedhi, na misuli iliyochoka kwa zoezi jipya, vyote hupandisha mizani kwa muda bila mafuta kuongezeka. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700. Ili uongeze kilo moja ya mafuta kwa usiku mmoja, ingekubidi ule kiasi hicho juu ya mahitaji yako yote ya siku. Ukiamka umeongezeka kilo moja baada ya sherehe, sehemu kubwa ni maji na chakula kilichomo tumboni.

Kwa hiyo pima asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula na kunywa, ukiwa na nguo zilezile, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia inasoma vibaya. Andika namba bila kuijadili. Mwisho wa wiki jumlisha siku 7, gawanya kwa 7, kisha linganisha wastani na wastani. Mtu anaweza kusoma kati ya kilo 83.5 na 85.3 wiki mbili mfululizo akadhani hasogei, kumbe wastani umetoka 84.6 hadi 84.1. Hiyo nusu kilo ndiyo habari. Kiuno kipime kila wiki mbili, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Anayenyanyua vyuma aandike pia uzito wa chuma na idadi ya marudio, kwa sababu nguvu mara nyingi huongezeka kabla kioo hakijaonyesha chochote.

Kwenye chakula daftari hufichua yasiyoonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliwachunguza watu waliosema hawapungui hata wakila kidogo: kwa wastani walitaja pungufu ya walichokula kwa asilimia 47, na walizidisha mazoezi yao kwa asilimia 51. Si uongo wa makusudi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa haupimi vijiko. Andika kabla ya kula, si usiku, kwani usiku kumbukumbu imeshachuja.

*Kinavyoharibika.* Kurasa za siku mbaya huachwa wazi, kisha daftari zima linaachwa. Dawa ni kanuni ya mstari mmoja: siku iliyoharibika andika sentensi moja tu, kisha endelea kesho. Kosa la pili ni kuamini kalori ambazo saa ya mkononi inadai umezichoma. Saa nyingi hukadiria mapigo ya moyo vizuri lakini hukosea sana kwenye nishati, na anayekula "kalori zake zilizobaki" hujifutia kazi yote.

*Kikiondoka.* Kinaacha jicho. Aliyepima kwa miezi mitatu anaitambua sahani kwa kuitazama.

*Kinamfaa* mtu anayependa kuelewa sababu, na anayefanya mazoezi bila kuona matokeo. Hakimfai aliyewahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula au kujitapisha. Huyo aweke mizani kando na aandike mazoezi tu.

Ratiba iliyofungwa kwenye tabia

*Kinachodai.* Karibu hakuna fedha. Kinataka dakika 20 za kufikiri mwanzoni na unyenyekevu wa kuanza na kidogo.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1999 kwamba mtu anayepanga "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" hutekeleza zaidi kuliko anayesema "nitajitahidi". Tafuta jambo linalotokea kila siku bila kukosa, ulifunge zoezi hapo: "Nikishavua viatu vya kazi, navaa vya kutembea kabla sijakaa." Maneno ya mwisho ndiyo yanayobeba sentensi nzima, kwa sababu kiti kimewashinda wengi. Kisha andika sentensi ya pili kwa ajili ya kizuizi unachokijua: "Mvua ikinyesha, nafanya skwati 12 na pushapu za ukutani 10, mara tatu, humo humo ndani."

*Siku inayoshika.* Siku ya kutoanza. Uamuzi umeshafanywa, kwa hiyo hakuna mjadala na nafsi saa 11 jioni. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL huko London, uliochapishwa katika jarida mwaka 2010, ulikuta kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kufikia kujiendesha yenyewe, huku watu wakitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Zile "siku 21" zinazotajwa kila mahali huwavunja moyo wengi siku ya 22. Katika utafiti huohuo, kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Kanuni inayofuata hapo ni nyepesi: ukikosa leo, usikose kesho.

*Kinavyoharibika.* Kwanza, kufunga zoezi kwenye jambo linalohama. "Nikipata nafasi" hakuna saa inayoitwa hivyo. Pili, kuanza na dozi kubwa: dakika 60 siku ya kwanza hukuza maumivu, si tabia. Maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi jipya, kwa hiyo aliyejikomoa Jumatatu hukwama Jumatano. Anza na dakika 10. Tatu ni kubaki kwenye hizo dakika 10 miezi sita. Ongeza dakika 5 kila wiki mbili hadi ufike 30.

*Kikiondoka.* Hiki ndicho chenye urithi mkubwa kuliko vyote, maana lengo lake ni kukufikisha mahali ambapo hukihitaji tena.

*Kinamfaa* mwenye siku zinazofanana, mzazi mwenye watoto wadogo, na asiyependa kutazamwa. Mwenye kazi za zamu atapata tabu nacho, ila akikifunga kwenye "nikiamka" badala ya saa fulani, kinaweza kumbeba. Udhaifu wake ni chakula: ratiba hukufikisha kwenye zoezi, lakini haisemi chochote kuhusu sahani.

Mwenzi au kikundi

*Kinachodai.* Fedha hakuna. Kinadai kupatanisha saa za watu wawili na kukubali kuonekana ukihema.

*Siku inayoshika.* Asubuhi ya usingizi. Mtu anaweza kujidanganya mwenyewe, lakini kumwacha mwenzake amesimama barabarani gizani ni jambo lingine. Wenzi pia huongezeana juhudi. Katika miaka ya 1920 mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler, akiwapima wapiga makasia wa Berlin, aliona kwamba mtu dhaifu kidogo huvumilia zaidi akifanya kazi na aliyemzidi nguvu kuliko akiwa peke yake, mradi tofauti isiwe kubwa mno. Kwa hiyo tafuta aliyekutangulia kidogo. Bingwa atakuvunja moyo, na wewe utamchosha.

Makubaliano yawe ya maneno kamili: siku gani, saa ngapi, mnakutana wapi, na udhuru unatumwa kabla ya saa ngapi. Saa 2 usiku wa kuamkia zoezi ni mpaka mzuri. Ongezeni kanuni moja inayookoa jozi nyingi: asiyekuja hazuii mwingine kwenda.

*Kinavyoharibika.* Mmoja akiacha, wawili wameacha. Watatu ni imara kuliko wawili kwa sababu hiyo tu. Mazoezi pia huweza kugeuka baraza. Mkiweza kuimba, ongezeni mwendo. Sumu kubwa ni kushindana kwa kilo. Mwenye mwili mkubwa hutumia nishati nyingi hata akiwa amekaa, hivyo hupungua haraka kuliko mwenye mwili mdogo kwa juhudi ileile, na yule mdogo atajiona mvivu bure. Shindaneni kwa mahudhurio. Kwa wanandoa kuna hatari yake: mmoja akigeuka polisi wa sahani ya mwenzake, chakula huanza kuliwa kwa kificho.

*Kikiondoka.* Kinaacha kidogo, isipokuwa kama kilikaa muda mrefu juu ya saa ileile ikawa ratiba.

*Kinamfaa* anayechangamka akiwa na watu na aliyewahi kuacha wiki ya tatu hadi ya sita. Walio mbali wanaweza kutumiana picha ya viatu barabarani kwa simu. Ina nguvu pungufu, lakini ni nyingi kuliko kimya.

Kocha wa kulipwa

*Kinachodai.* Fedha nyingi kuliko vyote, pamoja na kufuata saa za mtu mwingine.

*Siku inayoshika.* Siku usiyojua la kufanya: goti linalalamika, chuma hakiongezeki, zoezi limekuwa lilelile. Unacholipia ni jicho la kurekebisha mkao na mpango unaopanda kwa hatua. Kocha mzuri, kabla hujainua chochote, atakuuliza kuhusu majeraha, shinikizo la damu na dawa unazotumia. Ataandika mpango, na ataeleza kwa nini wiki ya tano inatofautiana na ya kwanza. Anayeahidi kilo 10 kwa mwezi, anayeuza poda zake mwenyewe, anayewapa watu wote zoezi moja, au anayepima kazi kwa maumivu, mwache.

*Kinavyoharibika.* Wiki ina saa 168 na kocha anakuwa nawe 2. Watu wengi hujitoa kikamilifu katika hizo 2, kisha hujizawadia chakula. Kutembea kwa kasi saa nzima, kwa mtu wa kilo 75, hutumia takriban kilokalori 300, na hizo hurudi kwa soda moja na kitafunwa cha kukaangwa. Kosa jingine ni kumfanya kocha kuwa gongo: anahesabu yeye, anachagua yeye, na akisafiri wewe unakaa.

*Kikiondoka.* Inategemea kama alifundisha au alisimamia tu. Mpangilio wa busara ni vipindi 2 kwa wiki kwa wiki 8, kisha kimoja kila wiki mbili, huku mengine ukifanya mwenyewe kwa mpango ulioandikwa.

*Kinamfaa* anayeanza kunyanyua vyuma, aliyepona jeraha, na aliyekwama mahali pamoja kwa miezi.

Amana ya fedha

Hapa unamkabidhi mtu fedha zako mwenyewe. Ukitimiza unarudishiwa, usipotimiza zinakwenda mahali usipopapenda. Inafanya kazi. Utafiti wa Kevin Volpp na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulidumu wiki 16, na waliowekewa vivutio vya fedha, amana ikiwa mojawapo, walipungua zaidi ya wasiowekewa. Baada ya fedha kuondoka, sehemu ya uzito ilirudi. Hayo ndiyo maelezo ya kishikizo hiki: kinavuta kwa nguvu na kinaacha kidogo.

*Kinachodai* ni kiasi kinachouma bila kugusa chakula wala kodi ya nyumba, na mwamuzi asiyeyeyuka ukimbembeleza. *Kinashika* kipindi kifupi chenye tarehe. *Kinaharibika* pale dau linapowekwa juu ya kilo, kwa sababu mtu huanza kujinyima maji siku ya kupima, jambo la hatari lisilopunguza hata gramu ya mafuta. Weka amana juu ya vitendo, kwa mfano vipindi 3 kwa wiki, na uigawe kwa wiki, ili wiki moja ikipotea usiseme "basi yote yameshaliwa". *Kinamfaa* anayeahirisha kila kitu hadi dakika ya mwisho. Mwenye madeni, au mwenye historia ya kujinyima chakula, akiache.

Kwa hali yako

Usianze na vyote vitano. Chukua kimoja, kipe wiki 4, kisha ongeza cha pili.

Kama tatizo lako ni kutoanza, chukua ratiba ya dakika 10, na mwenzi aje baadaye. Kama huwa unaanza vizuri ukaacha mwezi wa pili, anza na mwenzi, au watu watatu mkiweza. Kama mazoezi yapo lakini wastani wa wiki haujasogea kwa wiki 4, usiongeze mazoezi kwanza. Andika chakula siku 14, mafuta ya kupikia na vinywaji vikiwemo, na mara nyingi jibu litaonekana kabla ya siku ya kumi. Mwenye maumivu ya viungo, au asiyewahi kushika chuma, hata vipindi vichache vya kocha vitamfaa kuliko mwaka wa kubahatisha. Mwenye zamu zinazobadilika achanganye daftari na mwenzi wa simu, ajipe idadi ya vipindi kwa wiki badala ya siku maalumu.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetumia dawa amwone daktari kabla ya kuanza na tena uzito unaposhuka, kwa sababu dozi iliyomfaa akiwa na kilo 95 inaweza kuwa kubwa mno kwake akifika 85. Maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa zoezi ni sababu ya kusimama papo hapo na kutafuta matibabu.

Aliyefika kwenye lengo anahitaji kishikizo kuliko alivyohitaji mwanzo, na hapa wengi hujiachia. Marekani kuna daftari la kitaifa la waliopungua, lililoanzishwa mwaka 1994, linalowafuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzizuia zisirudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki na hujishughulisha kwa takriban saa moja kwa siku. Jiwekee mstari: wastani ukipanda kilo 2 juu ya lengo, unarudi kwenye daftari la chakula wiki hiyohiyo, kabla hazijawa 6.

Baada ya wiki 4 hesabu vipindi, usihesabu kilo. Kama ulipanga 12 na umefanya 8 au zaidi, kishikizo kimekushika, endelea nacho. Chini ya 6, badilisha kishikizo na uache lengo palepale. Ukiwa na 6 au 7, punguza ukubwa wa zoezi kwa nusu, ukipe wiki 2 nyingine kabla ya kukihukumu.